Mfadhili Akishapiga Picha

Kwa miaka kadhaa sasa sehemu ya ugali wangu inatokana na kazi ambayo mama yangu hajaielewa vizuri mpaka leo. Ninaandika simulizi za mafanikio. Taasisi ya hisani inatoa ruzuku kwa kikundi cha akina mama Chamwino, au kwa shule ya msingi huko Bahi, na mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa afisa mawasiliano wao ananipigia simu. Ananipa gari, dereva na maelekezo: kurasa mbili, picha nne, maneno ya mnufaika mmoja, nembo ya mfadhili ionekane. Nilipomweleza mama aliuliza, "Kwa hiyo wanakulipa uwasifie?" Nikamjibu kwamba wananilipa nieleze kazi iliyofanyika. Akaniangalia kama anavyomwangalia muuza nyanya anayeapa kwamba zote zimechumwa leo asubuhi.

Nimekaa na swali lake muda mrefu. Taasisi ya hisani ina kazi mbili, kutoa fedha na kuonesha fedha hizo zimefanya nini, na wengi huichukulia hii ya pili kuwa mapambo tu, kitu cha kumalizia. Nilichojifunza huku kwenye vumbi ni kwamba namna mradi utakavyooneshwa mwishoni ndiyo huamua, tangu mwanzoni, ni mradi gani utapewa fedha. Kinachokubali kupigwa picha kinapata mfadhili haraka. Kisichokubali kinasubiri. Ndiyo maana kila nikipewa kazi mpya siku hizi nauliza kwanza: haya maonesho ni kwa ajili ya macho ya nani?

Dodoma imekuwa mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi, na manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, mashirika nayo yamefuata nyayo. Wizara ziko Mtumba, Bunge liko hapa, Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali yuko hapa, kwa hiyo kila mwenye jambo la kuonesha anatafuta ukumbi Dodoma. Wiki ya AZAKI, ile ya asasi za kiraia, ilikuwa ikifanyika hapa kabla ya kupelekwa Arusha mwaka 2022. Maonesho ya wakulima ya Nanenane tunayo Nzuguni, na mwaka 2024 na 2025 ilifanyika kitaifa palepale. Halafu ikaja treni ya SGR. Tangu Julai 2024 mgeni anaweza kupanda Dar es Salaam alfajiri, akafika, akakata utepe, akapigwa picha na watoto, na jioni akala chakula cha usiku kwake Mikocheni. Zamani angalau alilazimika kulala. Mgeni anayelala huuliza maswali mawili matatu ya ziada.

Tunaposema "taasisi" tunachanganya vitu vingi kwenye kapu moja. Zipo za makampuni, kama Vodacom Tanzania Foundation, NMB Foundation na CRDB Bank Foundation. Zipo zilizobeba jina la mtu: Benjamin Mkapa Foundation, iliyoanza mwaka 2006 na kujulikana zaidi kwa mambo ya afya, au Mo Dewji Foundation ya mwaka 2014, ambayo watu wa Singida wanaizungumzia kwa ukaribu kwa sababu mwenyewe alikuwa mbunge wao wa mjini kuanzia 2005 hadi 2015. Zipo zinazopokea fedha za wafadhili wengine na kuzigawa kwa asasi ndogondogo, na hapo Foundation for Civil Society ndiyo jina linalotajwa kwanza. Kila moja ina utaratibu wake, lakini ukiwa upande wa kijiji zote zinafanana: linakuja gari jeupe.

Njia ya fedha yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana haina utamu. Taasisi inatangaza wito wa maandiko, yaani maombi ya ruzuku. Kikundi cha kijijini mara nyingi hakiwezi kuandika andiko la aina ile, na hata kikiandika hakina hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo fedha hupitia shirika la wilayani lenye usajili, ofisi na mhasibu. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika likipata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 lizitangaze na lipeleke mkataba kwa Msajili. Fedha zinatoka kwa awamu. Ripoti isipoenda, awamu ya pili haitoki. Pembeni ya hayo yote kuna mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejea mwaka uliofuata, na katika kipindi kile cha katikati niliona vikundi vingi vikigeuza macho kutoka halmashauri na kuyaelekeza kwa wafadhili.

Sasa niende kwenye mashine.

Kikundi kimoja cha akina mama mkoani Singida kilipewa mashine ya kukamulia alizeti. Nilipelekwa kuandika simulizi yake. Mashine ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, ina kibandiko cha mfadhili ubavuni, na mpiga picha tuliyekuwa naye alifurahi: mwanga mzuri kutoka mlangoni, mafuta ya rangi ya dhahabu yakidondoka kwenye ndoo, akina mama wamevaa tisheti mpya. Picha nne zilipatikana ndani ya robo saa.

Mweka hazina wa kikundi alikuwa mama wa makamo, hakuvaa tisheti kwa sababu, alivyosema, ilikuwa ndogo. Alisubiri tumalize. Kisha akaniita pembeni akanionesha daftari kubwa lenye jalada gumu, limefungwa kwa kipande cha khanga. "Hii mashine tungekuwa tumeshaiua," akasema, "kama si hili." Akalifungua. Upande wa kushoto kulikuwa na kila gunia lililoletwa kukamuliwa na jina la mwenye nalo. Upande wa kulia, umeme. Halafu safu ya mashudu, maana mashudu wanayauza kwa wafugaji na ndiyo yanayowalipa vijana wa kubeba magunia. Safu ya mwisho aliita "ya kuharibika": kiasi kidogo kinachokatwa kwenye kila gunia, hakiguswi, hata mwanachama akifiwa. Kwa msiba kuna mfuko mwingine.

Nikamuuliza nani aliwafundisha. Akacheka. Hakuna aliyewafundisha kwenye mradi huu. Walikuwa VICOBA kabla, kikundi cha kuweka na kukopeshana, miaka mingi, wamegombana, wamegawanyika, wamerudiana, na daftari lile lilitokana na ugomvi mmoja mkubwa ambao hakutaka kunisimulia. Ugomvi ule ndio uliowafanya waelewane kwamba fedha ya kipuri si ya mtu.

Nilirudi Dodoma nikaandika simulizi ambayo daftari ndilo mhusika mkuu. Picha niliyopendekeza iwekwe juu ilikuwa ya ukurasa uliochafuka wino, na kidole cha yule mama kikionesha safu ya kuharibika. Majibu yalikuja kwa adabu: simulizi nzuri, lakini tunaomba mashine iwe mbele. Mashine ikawa mbele. Daftari lilipata sentensi moja kwenye ukurasa wa pili. Sitoi lawama kubwa hapo. Afisa yule ana bosi, bosi ana bodi, na bodi inakaa mbali na alizeti. Lakini fikiria matokeo yake. Mwaka uliofuata vikundi vingine vya jirani viliandika maandiko, na vyote viliomba mashine. Hakuna kilichoomba kufundishwa daftari, maana hakuna aliyewaonesha kwamba ndilo lililofanya kazi.

Kuna na hili la hesabu za wanufaika, ambalo hunichekesha na kunichosha. Fomu inataka wanufaika wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja. Wanachama wa kikundi ni wa moja kwa moja, sawa. Halafu unazidisha kwa watu wa kaya. Halafu kijiji kizima kinakula mafuta, basi kijiji kizima. Halafu mashudu yanakwenda kwa wafugaji wa kata ya pili. Nimeshaona ripoti ambayo, ukiifuata kwa makini, hata ng'ombe wangeweza kuingia.

Watu wa huku kati wana historia yao ya kuoneshwa mambo, tena kubwa. Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mwaka 1947 ule mradi wa karanga, wakaleta matrekta na tumaini, na kufikia 1951 ulikuwa umekwisha. Wazee waliokua wakisikia habari zile hawashtushwi na uzinduzi. Kondoa nako, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa iondolewe kabisa kwenye eneo lililomomonyoka. Miti ilirudi kweli. Lakini ilirudi kwa amri, na uliza mzee wa Kondoa akueleze ng'ombe wa babaye walikwenda wapi.

Kongwa hiyohiyo ina hadithi nyingine, na kwangu ndiyo mfano bora wa fedha za hisani zilizofanya kazi isiyo na picha. Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na Watanzania, walianza kuchunguza trakoma huko, ule ugonjwa wa macho ambao wengi tunauita vikope. Mtoto anaambukizwa kwa vidole, kwa kitambaa kinachofutia wote, kwa nzi wanaotua usoni. Anaambukizwa tena na tena, na akifika utu uzima kope zinageukia ndani na kukwangua jicho mpaka linapofuka. Wanawake huumia zaidi kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti zilitoka kwa taasisi ya Edna McConnell Clark. Utajiri wa familia ile ulitokana na vipodozi vya Avon. Ukitafakari, fedha za kupendezesha nyuso Marekani ndizo zilizokuja kusafisha nyuso za watoto wa Kongwa. Mungu ana ucheshi wake.

Dawa haikuwa shida pekee. Shida ilikuwa kwamba Ugogoni, huku kwa Wagogo, maji ni mali. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kiangazi mama anaamka usiku kuwahi foleni kwenye visima vya mchangani. Sasa unakuja kumwambia aoshe uso wa mtoto kila siku, mtoto ambaye baada ya dakika tano atakuwa amerudi vumbini? Watu waliamini kwamba kuosha uso kunataka maji mengi, kwa hiyo maji hayatoshi, kwa hiyo haiwezekani. Ilikuwa hoja ya mtu mwenye akili timamu.

Kilichobadilisha mambo kilifanyika mbele ya majirani. Kwenye mikutano ya vitongoji watu walichukua maji wakaosha nyuso za watoto, mmoja baada ya mwingine, huku wenzao wakitazama na kuhesabu, wakaona kwamba kiasi walichodhani ni cha uso mmoja kinatosha nyuso nyingi sana. Wanaume nao walivutwa kwenye mazungumzo, maana jambo la maji ndani ya kaya si la mama peke yake hata kama ndiye anayeyabeba. Baadaye ukafanyika utafiti katika vijiji sita: vyote vilipewa dawa ya kupaka machoni, na vitatu vikaongezewa kampeni ya kunawa uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, yakionesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Kunawa uso kukawa moja ya nguzo nne za mkakati unaotumika duniani leo, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira safi. Mwaka 1998 taasisi hiyo ya Clark na kampuni ya dawa ya Pfizer wakaunda shirika la kimataifa la kupambana na trakoma, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika na dawa ya bure.

Ninachokitaka mtu aone kwenye habari hii ni yale mazungumzo ya kitongoji. Yale yalikuwa maonesho hasa. Kulikuwa na jukwaa, kulikuwa na watazamaji, kulikuwa na kitu cha kuona. Ila watazamaji walikuwa ni walewale watakaokwenda kufanya, na kila mmoja angeweza kusimama na kusema, "Ngoja nijaribu mimi." Jaribu kusema hivyo kwenye uzinduzi wenye mgeni rasmi.

Miaka ya karibuni nimeona jambo la namna hiyo Mpwapwa na Kongwa kwa wale wa Kisiki Hai. LEAD Foundation, shirika la Kitanzania la mkoani kwetu, na Justdiggit ya Uholanzi wanafundisha wakulima kutunza machipukizi ya miti iliyokatwa shambani badala ya kuhangaika na miche. Kanuni yenyewe aliieneza Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa Niger miaka ya 1980: mti uliokatwa mara nyingi haujafa, mizizi iko hai chini, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unaweka alama ili watu wajue kisiki hicho kina mwenyewe, unakilinda na mbuzi. Basi. Hakuna kitalu, hakuna kumwagilia, hakuna mche unaokufa Septemba.

Kama mwandishi wa simulizi, nakwambia hii ni ndoto mbaya. Picha ya mwanzo ni kisiki. Picha ya miezi sita baadaye ni kisiki chenye vijiti viwili na kitambaa. Hakuna cha kukata utepe. Miche ina afadhali: kiongozi anashika koleo, anapanda, wapiga picha wanamzunguka, na kila mwaka shimo linaweza kuwa lilelile. Samahani, hilo limenitoka.

Wao walifanya nini? Walitengeneza filamu wakazungusha vijijini. Gari linafika, jioni likiingia skrini inasimamishwa kwenye uwanja wa shule au karibu na ofisi ya kijiji, na watu wanawaona wakulima kama wao wakipogolea kisiki. Niliwahi kusimama nyuma ya umati kwenye usiku wa aina hiyo. Mwanzoni ni kelele tupu, watoto wanarukia mwanga, vijana wanacheka kila anapotokea mtu. Kisha akatokea kwenye skrini mzee mmoja na shamba lake, na mwanaume aliyekuwa mbele yangu akamwambia mwenzake, "Huyu udongo wake ni kama wetu tu." Wakanyamaza wote wawili, wakatazama mpaka mwisho. Kesho yake asubuhi, baada ya "mbukwenyi" na kujibizana kwa salamu ndefu za Kigogo ambazo huwezi kuzikwepa, jambo la kwanza lililoulizwa kwa mwenyekiti wa kitongoji lilikuwa: mbuzi wa jirani wakila chipukizi, nani analipa? Hapo nikajua filamu imefika. Mtu haulizi habari za fidia kwa kitu ambacho hana mpango wa kukifanya.

Nadhani pale ndipo tofauti ilipo, na taasisi nyingi hazijaikazia macho. Bajeti ya mawasiliano ya mradi, ukiichambua, karibu yote inaelekea juu: ripoti yenye karatasi ya kung'aa, video ya dakika tatu yenye muziki wa piano, kibanda cha maonesho, kalenda. Mwanakijiji yumo ndani ya vitu hivyo vyote lakini havioni. Nimeshapeleka nakala ya simulizi niliyoiandika kwa mama niliyemwandika, mwaka mzima baada ya kuchapishwa. Alijitazama kwenye picha kwa muda, akaniuliza kama anaweza kupata nyingine kwa ajili ya bintiye aliye Dar es Salaam. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Nikamsomea kwa Kiswahili, na shemeji yake akawa anamtafsiria bibi kwa Kigogo. Walipofika sehemu inayosema kwamba "kabla ya mradi familia ilikuwa haina matumaini", bibi akakohoa. Wakanitazama. Yule mama akasema, taratibu kabisa, "Matumaini tulikuwa nayo, mwanangu. Maji ndiyo hatukuwa nayo." Ile sentensi ya kukosa matumaini iliongezwa na mhariri, na mhariri hakuwahi kufika hapo.

Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mashirika yamekuwa makini zaidi kuomba ridhaa kabla ya kutumia picha za watu. Ni jambo jema, hasa kwa watoto, ambao kwa miaka mingi nyuso zao zilikuwa zinatumika kama sarafu. Lakini fomu ya ridhaa inaweza kusainiwa kwa dole gumba na bado mtu asijue amekubali nini. Ninachofanya mimi ni kusoma simulizi mbele ya mhusika kabla sijaituma, kwa lugha anayoielewa, jirani wakisikia kama yeye hana neno. Inachelewesha kazi. Mara nyingine inaharibu simulizi nzuri. Mama mmoja wa Bahi alikataa picha yake ya shambani; akaingia ndani, akatoka na kitenge cha Pasaka na kilemba, akakaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Afisa tuliyekuwa naye alisema wanataka uhalisia. Mama akajibu, "Mgeni akija huwa navaa hivi." Nikapiga. Ni moja ya picha ninazozipenda kuliko zote, na haikutumika.

Kuhusu ngoma nina maneno machache. Hakuna uzinduzi Ugogoni bila ngoma, na hakuna anayekaa juani muda mrefu kama akina mama wa ngoma ya muheme wakisubiri mgeni rasmi anayechelewa. Waandaaji huwachukulia kama burudani ya kujaza ratiba. Wanasahau kwamba wanaopiga ngoma ni watu wanaotunga nyimbo. Kwenye uzinduzi mmoja nilikaa karibu na kijana aliyekuwa akinitafsiria, kwa sababu Kigogo changu ni cha kuombea maji. Mgeni rasmi alikuwa akipiga makofi kwa kufuata mdundo, uso umekunjuka. Wimbo ulikuwa ukisema pampu mpya inang'aa, mwaka jana pia kulikuwa na pampu inang'aa, fundi wake anakaa wapi? Ile ndiyo ilikuwa tathmini ya mradi, bora kuliko iliyolipiwa, na ilitolewa hadharani mbele ya kamera zote. Haikuandikwa popote. Chamwino wana tamasha lao la muziki wa Wagogo, linaloandaliwa na Chamwino Arts Centre, ambako vikundi hupanda jukwaani kwa heshima yake na watu hukaa kuwasikiliza. Ningekuwa na taasisi ningewatuma maafisa wangu wa tathmini pale, kila mwaka, na mtu wa kutafsiri.

Sisemi kibanda cha Nzuguni kifungwe. Nanenane nimeona mambo mazuri yakizaliwa kwenye vibanda: mkulima wa zabibu wa Hombolo akikutana na mwenzake wa Mpunguzi, wote wamealikwa na wafadhili tofauti, wakaacha wageni wamesimama na kuanza kubishana kuhusu dawa ya ukungu kwa saa nzima. Waliomwalika kila mmoja walikuwa wakimkonyeza arudi kwenye meza yake. Yeye alikuwa amepata alichokuja kukitafuta bila kujua.

Kwa hiyo mwaka huu, nilipoitwa tena kuandika simulizi za taasisi moja, niliwaletea hesabu tofauti. Gharama ya video moja ya dakika tatu, ukiweka mpiga picha, droni, mhariri na mahojiano hotelini, inatosha kuwachukua wanakikundi kutoka wilaya moja kuwapeleka wilaya nyingine, wakalala siku mbili, wakarudi. Nilipendekeza wale akina mama wa daftari la Singida watembelewe na vikundi vitatu vya Manyoni na Bahi ambavyo mashine zao zimesimama. Afisa alilipenda wazo, akasema tatizo ni kwamba kwenye bajeti hakuna kifungu cha jambo hilo: mawasiliano ni mawasiliano, mafunzo ni mafunzo, na mafunzo yanataka mwezeshaji mwenye cheti. Nikamuuliza kama mweka hazina wetu anaweza kuhesabiwa mwezeshaji. Alisema atauliza makao makuu.

Wameshauliza. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba wanahitaji wasifu wake wa kazi, kwa hiyo nimempigia simu tukauandika pamoja: miaka ya VICOBA, uweka hazina, magunia. Pale kwenye elimu alitaka tuandike darasa la saba bila kuongeza kitu. Andiko lenyewe limekwenda na mambo matatu tu, basi la kukodi, chakula, na madaftari ya jalada gumu ya kutosha kila kikundi kuondoka na lake. Bango sikuliweka. Wakilihitaji watalichapisha wenyewe.